Fizi zimepauka, mkojo kama kahawa: kutafuta chanzo mbwa anapougua homa ya kupe

Simu za Jumatatu asubuhi hufanana. Ijumaa mbwa alikula vizuri, Jumamosi akaacha ugali na dagaa wake, Jumapili akashinda kwenye baraza akihema, na leo hata geti likigongwa hainuki. Nikiuliza habari za kupe najibiwa vilevile kila mara: "Dokta, kupe tulishawatoa wote." Nami huamini, maana kupe aliyeleta ugonjwa huu alishiba akadondoka zamani, wiki 1 hadi 3 zilizopita. Mbwa anaumwa leo kwa jambo la wiki zilizopita.

Natibu mbwa upande wa Goba, Mbezi hadi Bunju. Mwongozo huu nimeupanga kwa dalili, kwa kuwa mwenye mbwa haoni vimelea. Anaona fizi, mkojo, macho na mwendo. Kuna jambo moja linaniuma na ndilo lililonifanya niandike: watu wanaamini kila dalili ni kazi ya kimelea, hivyo wanataka sindano moja ya kukiua na mambo yaishe. Ukweli ni kwamba dalili nyingi kati ya hizi zinatengenezwa na kinga ya mbwa mwenyewe. Kimelea kinaweza kufa leo na kinga ikaendelea kubomoa damu siku kadhaa. Asiyelijua hilo hudhani dawa imeshindwa, anaongeza dozi, na mbwa aliyekuwa njiani kupona anakufa kwa dawa.

Anayeingia kwenye damu

Babesia, mwenye kuleta homa ya kupe, ni kimelea cha chembe moja, ndugu wa mbali wa kile cha malaria, na kama yeye anaishi ndani ya chembe nyekundu za damu. Wafugaji wa ng'ombe wanaujua ugonjwa wa jamaa yake kwa jina la kukojoa damu. Kwa mbwa wa Afrika kusini mwa Sahara kuna wawili wa kuwahofia zaidi. Babesia rossi ni mkali, anaweza kuua mbwa mzima mwenye afya ndani ya siku chache. Babesia vogeli huwa mpole kwa mbwa mkubwa, lakini kwa mtoto wa mbwa si mpole hata kidogo. Vogeli analetwa na kupe wa kahawia, yule unayemkuta akipanda ukuta wa banda. Rossi analetwa na kupe wa manjano wa mbwa. Kwamba kupe ndiye mbebaji wa ugonjwa huu wa mbwa ilithibitishwa mwaka 1901 na Charles Lounsbury huko Afrika Kusini.

Kupe hamwambukizi mbwa dakika anapong'ata. Kwa kawaida huhitaji siku 2 hivi akiwa ameng'ang'ania. Kwa hiyo kumkagua mbwa kila jioni, ndani ya masikio, kati ya vidole, chini ya mkia na kwenye makwapa, kunaokoa.

Ana homa, amelegea, lakini fizi bado zina rangi

Anza na kipimajoto, kwa njia ya haja kubwa. Joto la kawaida la mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39.2, kwa hiyo kiganja chako kitamwona ana moto siku zote, na pua kavu haina inalokuambia. Mpime akiwa ametulia kivulini angalau nusu saa. Saa nane mchana ya mwezi wa pili Dar, mbwa aliyetoka kukimbia anaweza kuonyesha 39.8 na asiwe na ugonjwa wowote.

Akizidi 39.5 akiwa ametulia, hali chakula na ana historia ya kupe, chukulia ni homa ya kupe mpaka damu iseme vinginevyo. Homa yenyewe haitengenezwi na babesia moja kwa moja. Chembe nyeupe zinapokutana na chembe nyekundu zilizovamiwa hutoa kemikali za kuitana, ziitwazo saitokini. Hizo ndizo zinazopandisha joto, kukata hamu ya kula na kumlaza mbwa chini. Kwa kiasi chake ni msaada.

Kwa Babesia rossi kiasi hicho huweza kuvukwa. Saitokini zikimwagika kupita kipimo, mishipa midogo inavuja, shinikizo la damu linaanguka, figo zinakosa damu na mapafu yanajaa maji. Hapa ndipo watu wanapodanganyika. Mbwa wa hali hii anaweza kuwa mahututi kabla damu haijapungua, na fizi zake zisiwe nyeupe bali nyekundu iliyokolea kama ya tofali. Nimeshaambiwa, "Dokta, ana damu nyingi tu, tazama fizi," na mbwa mwenyewe hakuiona jioni. Fizi nyekundu mno pamoja na kuhema kwa taabu ni safari ya kliniki saa hiyohiyo, si kesho.

Usimpe panadol, wala diklofenaki, wala ibuprofeni ya nyumbani. Panadol kwa mbwa huharibu ini, na dozi kubwa huifanya damu ishindwe kubeba hewa, jambo ambalo mgonjwa huyu hawezi kulimudu. Diklofenaki na ibuprofeni huchoma tumbo na kuumiza figo ambazo tayari ziko taabani.

Fizi zimepauka

Inua mdomo wa juu. Bonyeza ufizi kwa kidole kisha achia. Kwa mbwa mzima rangi hurudi ndani ya sekunde 2 na ni ya waridi. Mbwa wetu wengi wa kienyeji wana fizi nyeusi, hapo usihangaike nazo: vuta kope la chini utazame utando wa ndani. Ukiwa mweupe kama karatasi, damu imepungua. Swali ni imekwenda wapi.

Wengi hudhani kimelea kimekula damu. Ni kweli babesia akizaliana hupasua chembe anamokaa. Lakini nikitazama damu kwenye hadubini, mara nyingi nakuta vimelea wachache mno, pengine chembe moja iliyovamiwa kati ya mamia, na huku mbwa amepoteza nusu ya damu yake. Hesabu haikubali. Aliyebeba nyingine ni wengu na kingamwili, yaani protini ambazo kinga hutengeneza ili kumshika adui.

Wengu ndio chujio la damu. Humo zimo chembe nyeupe kubwa zinazomeza chembe nyekundu zilizochakaa au zilizovamiwa. Wakati wa homa ya kupe wengu huvimba, ukipapasa tumbo upande wa kushoto unaukuta, na chembe zake zinakuwa na pupa: zinameza zilizovamiwa na zilizo salama kwa pamoja. Wakati huohuo mwili unatengeneza kingamwili dhidi ya babesia. Vipande vya kimelea vinaganda juu ya chembe nyekundu zisizo na kosa, nazo chembe zenyewe hubadilika sura kwa vurugu iliyopo, kisha kingamwili zinazishika zote na kuzitia alama ya "huyu ni adui". Kilichotiwa alama hiyo hakipiti wengu salama. Mwili unajila damu.

Upo mtihani mdogo ambao kila mwenye mbwa anaweza kuomba aonyeshwe. Daktari anaweka tone la damu kwenye kioo, anaongeza matone machache ya maji ya chumvi ya hospitali na kutikisa taratibu. Damu ya kawaida inasambaa laini kama rangi ya maji. Ya mbwa ambaye kingamwili zimeshika chembe zake inabaki na chengachenga, kama uji ulioshika madonge. Ukiona madonge hayo hata baada ya kuongeza maji ya chumvi, ujue mgonjwa wako ana vita viwili: dhidi ya kimelea, na dhidi ya kinga yake mwenyewe.

Omba pia kipimo cha wingi wa chembe nyekundu. Kwa mbwa mkubwa kawaida ni asilimia 37 hadi 55. Ikishuka chini ya 20, na mbwa anahema akiwa amelala, mazungumzo ni ya kuongezewa damu. Damu hutoka kwa mbwa mwenzake mkubwa, mwenye afya, asiye na kupe. Mbwa tofauti na binadamu kwa kawaida hazaliwi na kingamwili kali dhidi ya damu ya kundi jingine, ndiyo maana mara ya kwanza huvumilia. Baada ya siku chache kinga imeshaijua ile damu ya kigeni, kwa hiyo mara ya pili lazima damu za wawili hao zilinganishwe kwanza. Ukienda kliniki nyingine, sema wazi kwamba aliwahi kuongezewa damu. Nakusihi usilisahau hilo.

Fizi nyeupe zina wasababishi wengine. Kwa mtoto wa mbwa wa miezi miwili, safura na viroboto huwahi kabla ya babesia. Kwa mbwa aliyeokota panya aliyekufa, sumu ya panya huzuia damu kuganda na inavuja ndani kimyakimya. Hao hawahitaji dawa ya babesia hata kidogo.

Mkojo umekuwa mwekundu au wa rangi ya kahawa

Ukinga kidogo kwenye chupa safi ya maji, utakuwa umenisaidia kuliko maelezo ya nusu saa. Maabara wakiuzungusha kwenye mashine, chembe za damu zikizama chini na juu pakabaki pasafi, anatokwa damu kwenye kibofu au figo. Rangi ikibaki ileile juu hadi chini, ni himoglobini, yaani chembe zimepasukia ndani ya mishipa na rangi yake imechujwa na figo. Hiyo ndiyo picha ya babesia mkali.

Kabla ya kumhukumu kupe, uliza jikoni. Baada ya sikukuu, wiki ya Idi au Krismasi, mbwa wengi wa Dar hupewa ukoko wa pilau, mchuzi na mabaki ya kachumbari. Kitunguu, kibichi au kilichopikwa, hupasua chembe nyekundu za mbwa. Dalili huja siku chache baadaye: fizi zinapauka, mkojo unakolea, mbwa anahema. Kitunguu saumu nacho kimo. Niliwahi kumtembelea mbwa wa ulinzi Tegeta, kijana wa getini akanipokea kwa heshima zote: "Shikamoo dokta, huyu ana babesia, tayari nimeshanunua dawa." Ilikuwa siku ya nne baada ya arusi ya nyumba hiyo. Kwenye hadubini hapakuwa na kimelea hata kimoja, na chembe zilikuwa na vinundu vidogo pembeni, alama ya sumu ya kitunguu. Dawa aliyonunua ingemmaliza.

Macho na ngozi ya tumbo vimekuwa vya manjano

Chembe zikibomolewa nyingi kwa mpigo, ini linazidiwa na uchafu wa rangi yake, na rangi hiyo inakaa kwenye weupe wa macho, fizi na ndani ya masikio. Manjano pamoja na fizi nyeupe huelekeza kwenye kubomoka kwa damu. Manjano huku fizi zina rangi nzuri huelekeza kwenye ini lenyewe, au kwenye leptospira, bakteria wa mkojo wa panya anayesambaa sana mvua za masika zinapojaza mitaro. Leptospira humwambukiza binadamu. Mbwa wa manjano asafishwe na mtu aliyevaa glavu, na watoto wasikanyage mkojo wake.

Madoa madogo mekundu tumboni, au damu puani

Homa ya babesia karibu kila mara huteremsha chembe sahani, zile zinazogandisha damu. Nyingine zinatumika kwenye mabonge madogo ndani ya mishipa, nyingine zinatiwa alama na kingamwili na kumezwa na wengu. Cha kushangaza, mbwa wengi wa babesia hawavuji damu hata chembe sahani zikiwa chache sana. Kwa hiyo damu ya puani ikija, mimi huanza kumfikiria erlikia.

Erlikia si kimelea wa aina ya babesia, ni bakteria anayeishi ndani ya chembe nyeupe, lakini husafiri na kupe yuleyule wa kahawia, na mbwa mmoja anaweza kuwa nao wote wawili. Kinga ikishindwa kummaliza mwanzoni, mbwa huonekana amepona, anakula, analinda, huku mwili ukimwaga kingamwili mwezi baada ya mwezi bila faida. Mwishowe uboho wa mifupa unachoka, na aina zote za chembe za damu zinapungua. Mbwa aina ya German Shepherd huumia zaidi ya wengine, kwa kuwa kinga yao ya chembe dhidi ya bakteria huyu ni dhaifu. Marekani ililijua hilo kwa machungu kwenye vita vya Vietnam, walipopoteza mbwa wengi wa kijeshi wa aina hiyo. Dar ndiyo aina inayopendwa mno kwa ulinzi. Ukiwa naye, dalili za kupe usizisubirishe hata usiku mmoja. Matibabu ya erlikia ni doksisaiklini kwa wiki 4 kamili, na ukikatisha siku ya kumi kwa sababu "amechangamka" umemrudisha kwenye kipindi kile cha kimya.

Anayumba, anatetemeka, ana degedege, au amekuwa mkali

Usimguse mdomo. Tanzania ina kichaa cha mbwa, na hata daktari hawezi kukitofautisha kwa macho na babesia aliyepanda kichwani. Mfungie, zuia watoto, uliza kadi ya chanjo, piga simu. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 na aende hospitali siku hiyohiyo.

Kichaa kikishaondolewa kwenye hesabu, cha kwanza kupimwa ni sukari. Babesia rossi huweza kuishusha sukari ya damu kwa kasi, hasa kwa mbwa mdogo, na mbwa aliyeonekana anakufa huinua kichwa dakika chache baada ya kupewa sukari kwa mshipa. Ikiwa sukari iko sawa, basi chembe zilizovamiwa zimeziba mishipa midogo ya ubongo, au ni sumu. Uliza kama juzi aliogeshwa kwa dawa ya ng'ombe iliyopimwa kwa macho. Mate mengi, mapigo ya polepole na kusinzia baada ya kuogeshwa ni sumu ya dawa.

Jicho limekuwa la maziwa ya buluu

Mbwa wa mjini aliyesafirishwa kwenda shamba upande wa Saadani au Pangani akarudi na homa za kuja na kuondoka, tezi zilizovimba na macho ya ukungu, apimwe tripanosoma wa mbung'o. Kimelea huyu hubadilisha koti lake: kinga ikishatengeneza kingamwili za koti la kwanza, yeye ameshavaa la pili. Ndiyo sababu homa haitulii, na vita hivyo visivyokwisha ndivyo vinavyochafua jicho. Mtajie daktari safari hiyo hata kama ilikuwa miezi miwili nyuma, kwa sababu hapa mjini si wa kwanza kufikiriwa.

Amechomwa sindano, siku ya tatu bado fizi nyeupe

Hapa ndipo pesa na mbwa hupotea. Siku 2 hadi 3 baada ya dawa sahihi, homa ishuke na hamu ya kula irudi. Damu yenyewe haiwezi kurudi kwa kasi hiyo. Uboho huhitaji siku 3 hadi 5 kuanza kutoa chembe mpya kwa wingi, na wiki kadhaa kujaza pengo. Mbwa anayekula, asiye na homa, mwenye fizi za waridi hafifu, anapona. Mwache.

Kama homa imeshuka lakini wingi wa chembe unaendelea kuteremka, rudia kioo cha damu. Vimelea hawapo, madonge yapo? Kinga ndiyo inayobomoa, na sasa daktari anaweza kuamua kuituliza kwa prednisoloni. Uamuzi huo ni wake, na una wakati wake. Prednisoloni ikitolewa mapema, kimelea kingali hai, umemfunga mikono askari aliyekuwa akikizuia. Nimeona ikichanganywa kwenye sindano moja ya "kumchangamsha", na kwa siku mbili mbwa kweli huchangamka. Ikishaanzishwa kihalali, hupunguzwa kidogokidogo, haikatwi ghafla.

Kuhusu diminazini, ile inayouzwa maduka ya dawa za mifugo kwa ng'ombe: inaua babesia, lakini kwa mbwa umbali kati ya dozi inayotibu na inayoumiza ubongo ni mfupi mno. Kurudia baada ya siku mbili kwa sababu fizi bado nyeupe ndiyo ile ajali niliyoitaja mwanzo. Imidokabu, dawa nyingine ya babesia, ina nafasi zaidi, hata hivyo hutoa mate, kutapika na kuharisha muda mfupi baada ya sindano, na anayejua huwahi kumchoma mbwa sindano ya kuzuia madhara hayo. Zote mbili zipimwe kwa uzito wa mbwa kwenye mzani.

Alipona, miezi minne baadaye imerudi

Mbwa wengi hawakisafishi kimelea chote. Wanabaki na wachache ambao kinga inawashikilia, na ushikaji huo ndio unaowakinga wasiugue vikali tena. Mbwa wa kienyeji anayeishi na kupe tangu utotoni mara nyingi yuko hivi. Utulivu huo unavunjika akizaa, akifanyiwa upasuaji, akiugua kitu kingine au akipewa dawa za kutuliza kinga. Mbwa aliyeondolewa wengu yuko hatarini maisha yake yote.

Kwa sababu hiyo kipimo cha kingamwili peke yake hakitoshi kusema mbwa anaumwa leo: kinaeleza kwamba aliwahi kukutana na kimelea. Anayeumwa leo anathibitishwa kwa kumwona kimelea kwenye kioo, damu ikitolewa ncha ya sikio ambako huonekana kwa urahisi zaidi, au kwa kipimo cha vinasaba. Kliniki isiyo na hadubini inaweza kupeleka sampuli maabara ya Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, Temeke.

Kama kweli imerudi, tazama banda kabla ya kumtazama mbwa. Kupe jike wa kahawia hutaga maelfu ya mayai, hayatagi juu ya mbwa bali kwenye nyufa za ukuta, chini ya makopo na nyuma ya mbao, na kwa joto la Dar kizazi kinafuata kizazi mwaka mzima. Mbwa aliyepakwa dawa anarudi kulala katikati yao. Ziba nyufa kwa saruji, choma matandiko ya zamani, pulizia ukuta hadi kimo cha dari mbwa akiwa nje na dawa ikauke kabla hajarudi. Rudia baada ya wiki mbili kwa ajili ya walioanguliwa, kisha tena baada ya nyingine mbili. Damu ya mbwa ipimwe siku ile ya upuliziaji wa tatu.